Ndoo mbili za togwa, moja ya nguruwe

Baridi ya Mbinga mwezi wa saba haina huruma. Niliingia bandani saa kumi na mbili asubuhi na tochi ya simu, nikakuta watoto kumi na mmoja wa nguruwe wamejazana kona moja, huyu juu ya yule, manyoya yamesimama mgongoni kama brashi ya viatu. Nilimulika mikia kwanza. Mtoto wa nguruwe mwenye afya mkia wake umejikunja. Ukiuona unaning'inia kama kamba iliyolowa, ujue kuna jambo. Siku ile mikia yote ilikuwa chini, na sakafuni umetapakaa uharo mwepesi wa njano iliyopauka. Wawili walikuwa wamelowa nyuma mpaka kwenye kwato. Ilikuwa siku ya tano tangu nimtoe mama yao.

Hadi Jumapili nilikuwa nimezika watano.

Kwa mfugaji wa majike mawili kama mimi, watoto watano ni ada ya mwanafunzi inayokwenda shimoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba haikuwa mara ya kwanza. Kila uzao ulikuwa na hadithi ileile: wakinyonya wanapendeza, wananenepa, majirani wanaweka oda kabla hata hawajatimiza mwezi. Nikiwaachisha kunyonya tu, kati ya siku ya tatu na ya kumi, kuhara kunaanza. Nakimbilia duka la dawa za mifugo mjini, muuzaji ananipa pakiti ya unga wa kuchanganya kwenye maji, safari nyingine chupa ya sindano. Hakuna aliyewahi kuniuliza wanakula nini. Wengine wanapona, wengine wanakufa, na waliopona wanadumaa, wanakaa miezi miwili na umbo lilelile, kichwa kikubwa na mgongo mwembamba.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeuliza. Alikuja akasimama mlangoni mwa banda, kanga kaifunga kifuani kwa baridi, akaangalia chombo cha chakula. Pumba za mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa waliosagwa, chokaa, vyote vikavu.

"Mwanangu, hawa wiki iliyopita si walikuwa wananyonya?"

"Ndiyo, mama."

"Halafu leo unawapa vumbi? Hata mtoto wa mtu hatumwachishi hivyo. Anaanzishiwa togwa."

Nilicheka. Togwa, uji wetu mchachu wa kunywa, kwa nguruwe! Lakini usiku sikulala vizuri, na kesho yake nikajaribu. Na hapo ndipo nilipoharibu zaidi.

Nilichukua ndoo ya lita ishirini, nikatia pumba na unga wa mahindi, nikamimina maji ya bomba yenye baridi yake, nikakoroga, nikafunika, nikaiacha nje ya banda. Asubuhi ilikuwa imelainika na ina harufu kidogo, nikasema tayari. Nikawapa wale sita waliobaki. Walikula kwa pupa. Jioni kuhara kukarudi kwa nguvu, na nikampoteza mmoja tena. Sikumwambia mama mkwe. Nilimwaga ile ndoo kwenye migomba nikaapa sitasikiliza tena ushauri wa jikoni.

Aliyenifungua macho ni kijana wa mifugo wa kata yetu, amesoma pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Alikuja kwa ajili ya kuchoma sindano za madini ya chuma kwa uzao wa jike la pili. Mama mkwe akamkaribisha togwa, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili, na mimi nikamsimulia aibu yangu ya ndoo. Alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kisha akanieleza kitu ambacho nimekuwa nikikirudia kwa kila mfugaji anayenitembelea.

Tumbo la mtoto wa nguruwe anayenyonya, alisema, halijajua bado kutengeneza asidi yake ya kutosha. Linasaidiwa na maziwa. Sukari ya maziwa inaliwa na bakteria wazuri tumboni, nao wanatoa asidi, ileile inayofanya maziwa yagande na togwa iwe na ukali. Uchachu huo ndio mlinzi wa mlango: E. koli, bakteria wa kuharisha, na wenzake wakiingia na uchafu wa sakafuni wanakutana nao, wengi hawapiti. Siku unapomtoa mama, maziwa yanakatika na uchachu unakatika. Badala yake unamletea mtoto pumba kavu na chokaa. Hapo akanyanyua kidole: chokaa inaua asidi, hivyo hata ile kidogo aliyonayo unaimaliza mwenyewe kwa mkono wako. Dagaa na soya nazo zinaipunguza. Mlango uko wazi.

Jambo la pili ni njaa. Mtoto aliyetengwa na mama yake anaweza kukaa siku nzima au zaidi bila kula cha maana. Ndani ya utumbo kuna vinyuzi vidogo mno vinavyofyonza chakula. Alinyoosha taulo langu lililokuwa kwenye kamba: "Unaziona hizi nyuzi za taulo jipya? Utumbo uko hivi. Akikaa na njaa zinafupika, linakuwa kama taulo lililochakaa, halifyonzi." Kisha njaa inamzidi, anakula kwa pupa, chakula kinapita bila kusagika vizuri, na wale vijidudu waliopita mlangoni wanakuta karamu imeandaliwa.

"Sasa ndoo yangu ilikosa nini?" nikamuuliza.

"Ilikosa muda na mbegu, dada. Siku ya kwanza kwenye ndoo kila kijidudu kinazaliana, wabaya kwa wazuri. Uchachu unakuja baadaye ndiyo unawaua wabaya. Wewe uliwapa watoto ndoo ikiwa kwenye kilele cha wabaya."

Nikamgeukia mama mkwe. Yeye hajawahi kuanza togwa bila mbegu. Anapika uji mwepesi, anauacha upoe mpaka uwe vuguvugu, anatia unga wa kimea cha ulezi, kisha anamimina kwenye kibuyu ambacho huwa hakioshi kikaisha. Daima kuna togwa ya jana chini. Hiyo ya jana ndiyo mbegu. Hakuniambia kwa sababu haikumpitia akilini kwamba kuna mtu mzima asiyejua.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, walishaifuatilia togwa miaka ya 1990 kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Waliokunywa uji uliochachuka walikutwa na vijidudu vya kuharisha vichache kwenye choo kuliko waliokunywa uji wa kawaida. Kwa hiyo bibi zetu walikuwa na dawa ya mlango muda mrefu, sisi tukaiita kinywaji cha sherehe.

Ndoo ya pili niliianza kwa adabu. Unga wa mahindi na pumba laini, sehemu moja kwa maji sehemu mbili. Maji niliyachemsha nikayaacha yawe vuguvugu, ya kuweza kutia kiwiko bila kushtuka. Kisha vikombe viwili vya togwa iliyokomaa ya mama mkwe na konzi ya kimea. Ndoo ya plastiki, maana debe la bati linaliwa na uchachu likaanza kutoboka. Nikaiweka jikoni karibu na mafiga, kwa sababu kijana alinionya kwamba kwenye baridi bakteria wa uchachu wanalegea na hamira za porini zinachukua nafasi, unaishia na kitu chenye harufu ya pombe. Aliniachia karatasi za kupimia asidi. Namba ikishuka ndiyo uchachu umepanda. Siku ya kwanza karatasi ilionyesha 6. Siku ya pili 5. Siku ya tatu ilishuka chini ya 4.5, na harufu ilikuwa ile ya mtindi, safi, inayokujaza mate. Juu kulikuwa na vipovu vidogovidogo. Hakukuwa na ukungu.

Kuanzia hapo sikuwa na haja ya kuanza ndoo upya kila mara. Kila ninapochota nabakiza kama robo chini, naongeza unga na maji vuguvugu, na kesho yake iko tayari. Mbegu ikishashika, siku moja inatosha.

Kosa nililofanya usiku wa nne ni kuibana. Niliona ukungu ni adui, nikafunika ndoo kwa mfuniko wake wa kubana, nikakandamiza kwa goti. Saa nane za usiku tukasikia mlipuko jikoni. Mume wangu alitoka na panga, mama mkwe anapiga kelele za mwizi, na mimi nimeshajua. Mfuniko ulikuwa umeruka hadi kwenye dari, uji umetapakaa ukutani, kwenye masufuria, na juu ya paka. Ndoo inayochacha inatoa gesi. Siku hizi nafunika kwa kitambaa safi na kuegesha sahani juu.

Kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko ndoo yenyewe. Wafugaji wengi ninaowaambia wanasubiri siku ya kuachisha ndipo waanze kuchachusha. Umechelewa. Mimi naanza watoto wakiwa na wiki mbili hivi, bado wananyonya. Nawawekea kwenye mfuniko wa sufuria, kona ambayo mama yao hafiki, uji wa vijiko vichache. Mwanzoni wanaukanyaga, wanaulalia, wanapiga chafya. Kuna mmoja atakayeramba pua yake akagundua kuna kitu, na akianza huyo wenzake wanafuata. Hadi wiki ya sita ninapomtoa mama, wanajua chombo kiko wapi na ladha yake ni ipi, na ile siku ya njaa haipo. Namtoa mama, si watoto. Wao wanabaki kwenye banda walilolizoea, kwenye nyasi kavu nyingi. Na uji nawapa kidogo mara nne kwa siku, vuguvugu. Wakimaliza nasuuza chombo, kwa sababu uji uliokauka ukingoni unavutia nzi na unaoza, na kuoza si kuchacha.

Uzao wa kwanza wa ndoo walikuwa tisa. Wawili kinyesi kililegea siku mbili kikarudi. Hakufa hata mmoja. Sikuamini, nikasema labda ni bahati.

Kiburi kikanipanda. Nikawaza, kama uchachu ni mzuri kwa unga, basi nichachushe kila kitu. Nikatia kwenye ndoo soya iliyokaangwa na kusagwa, dagaa wa Nyasa, premiksi ya vitamini na madini, na laisini ya kiwandani, kirutubisho cha protini, niliyoinunua kwa bei ya kuumiza roho. Wiki mbili zikapita. Hawaharishi, wanakula, lakini hawakui. Ngozi imefubaa. Nikampigia kijana simu, akaniuliza maswali mawili tu, akaguna. Wale bakteria kwenye ndoo wanaila ile laisini iliyo huru, akasema. Nilikuwa nawalisha bakteria kirutubisho cha nguruwe, kila siku, kwa hela yangu. Tangu hapo kwenye ndoo naingiza unga na pumba peke yake. Soya, dagaa, premiksi na chumvi nachanganya bandani, dakika chache kabla ya kuwapa. Na soya lazima ikaangwe kwanza. Ruvuma tunailima kwa wingi kiasi kwamba watu wanaona uvivu kuikaanga, wanaitupa mbichi. Mbichi ina vitu vinavyozuia protini isisagike, na siku moja ya ndoo haiviondoi.

Kosa jingine lilikuwa la marando ya viazi vitamu. Huku kwetu baada ya kuvuna viazi marando yanabaki milima. Nilikuwa nimesikia kwamba Uganda wafugaji wamefundishwa kuyavundika na watafiti wa mifugo na wa viazi, wanapata sileji ya nguruwe ya kuwavusha kiangazi. Nami nikafanya: nikayaanika nusu siku yanyauke, nikayakatakata urefu wa kiungo cha kidole, nikachanganya pumba na chumvi kidogo, nikayashindilia kwa miguu ndani ya pipa lenye nailoni hadi hewa ikaisha, nikafunga kabisa. Hii ndiyo ya kufunga, tofauti na ndoo ya uji. Hewa ikiingia inaoza. Nilifungua baada ya mwezi. Rangi ya kijani iliyogeuka kahawia, harufu kama ya matunda yaliyoiva mno. Majike waliipenda kupita kiasi. Kwa tamaa nikawapa na watoto walioachishwa wiki hiyo, nikawajazia. Siku ya tatu wana matumbo kama ngoma na migongo imechongoka. Tumbo la mtoto halina nafasi ya nyuzinyuzi nyingi hivyo. Anashiba kabla hajapata nguvu. Sasa sileji ni ya wakubwa, wadogo nawapa konzi moja tu ya kuchezea, wakifika miezi mitatu ndiyo naongeza.

Kuna watu wanataka namba, nami nilitaka. Mzani wa kahawa tunao, ule wa kuning'iniza, tunaotumia kupimia kahawa kabla ya kwenda chama cha msingi. Nikachukua uzao mmoja wa watoto kumi, nikawagawa watano watano, nikiwapima mmoja mmoja ndani ya kiroba chenye matundu huku wakipiga kelele za kuamsha kijiji. Kundi moja chakula kikavu, jingine uji mchachu, mchanganyiko mwingine wote sawa. Walianza wote na wastani wa kilo 8. Baada ya wiki nne wakavu walikuwa na 13 na nusu, wa uji 15 na nusu. Nilitembea na hizo kilo mbili kama medali. Nikarudia kwa uzao uliofuata, msimu wa joto, banda likiwa limefanyiwa ukarabati: tofauti ikawa nusu kilo. Kwa hiyo mtu akikwambia uji mchachu unaongeza kilo kadhaa kwa hakika, muulize banda lake likoje. Kilichojirudia kila uzao ni kinyesi kigumu na mikia iliyojikunja wiki ile ya kwanza. Na duka la dawa sijarudi kununua pakiti ya kuhara kwa uzao minne mfululizo.

Yule kijana anasema Ulaya nao walilazimika kutafuta njia za namna hii, maana walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006, na mwaka 2022 wakaondoa na zinki nyingi waliyokuwa wakiwapa watoto wa nguruwe kuzuia kuhara. Huko mashamba mengine yana mabomba yanayopeleka uji mchachu hadi kwenye kila banda. Mimi nina ndoo na mgongo wangu.

Nisije nikaeleweka vibaya, ndoo haitibu kila kitu. Jirani mmoja alikuja kuniomba mbegu, nikampa, akaitia kwenye pumba zenye ukungu alizonunua kwa bei ya kutupa. Nguruwe wakazisusa, na wana akili kuliko yeye. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haiondoki kwa kuchachusha, utaila tu ikiwa na ladha nyingine. Mwingine anachukua mabaki hotelini, yale yenye vipande vya kitimoto ndani, anasema akiyachachusha yanakuwa salama. Hapana jamani. Homa ya nguruwe huku kwetu haina chanjo wala tiba, na kirusi chake kinavumilia uchachu ambao E. koli hawezi. Mabaki ya nyama ukishindwa kuyachemsha hadi yatokote vizuri, yaache. Mimi nimeyaacha kabisa. Na minyoo ni minyoo, dawa yake inajulikana.

Tatizo letu la sasa ni dogo lakini linatia aibu. Jikoni kuna ndoo mbili zinazofanana, ya togwa ya watu na ya nguruwe. Mwezi uliopita mgeni wa mume wangu, mzee mmoja wa heshima, alikaribishwa togwa na mwanangu wa darasa la tatu. Akanywa kikombe kizima, akasema ni nzuri ila ina pumba pumba. Hakuna aliyemwambia. Ndoo ya nguruwe sasa ina rangi nyekundu ya kucha kwenye mfuniko, herufi N kubwa.

Wiki hii nina uzao mwingine wa kuachisha, watoto kumi, nilipanga iwe Alhamisi. Lakini ni mwezi wa sita, baridi imeanza, ndoo niliisimamisha wiki tatu bila kuichota na mbegu ikachoka, nikaanza upya Jumatatu. Karatasi za kupimia zimeniishia. Jana jioni nilimwomba mama mkwe aangalie. Akafunua kitambaa, akanusa, akachovya kidole, akakilamba bila hata kukunja uso.

"Bado," akasema. "Haijafika."

Basi mama yao atabaki nao hadi Jumamosi.